Mnatuambia Tuchunguze Daktari wa Urembo. Tuchunguze kwa Kutumia Nini?

Kwa Afisa Mkuu Mtendaji na wanachama wa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno Kenya (KMPDC), Nairobi.
Nakala kwa Waziri wa Afya na kwa Kamati za Afya za Bunge la Taifa na Seneti.

Waheshimiwa,

Mwishoni mwa mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki jijini Nairobi baada ya kufanyiwa upasuaji wa kunyonya mafuta katika kliniki ya kibinafsi. Mlichunguza, mkaifunga kliniki hiyo, na hapo mlifanya kazi yenu. Kisha likarudi neno ambalo hurudi kila msiba wa aina hii unapotokea: wananchi wawe macho, wahakikishe daktari na kituo wana leseni, wafanye utafiti wao kwanza. Barua yangu inahusu neno hilo. Mmewatwika wagonjwa kazi ya kuchunguza, na vifaa vya uchunguzi mmebaki navyo nyinyi.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Mombasa. Kwa sababu ya kazi yangu, jamaa na majirani huniletea simu zao: "Hebu niangalizie huyu daktari." Huwa ni video ya TikTok au ukurasa wa Instagram, na mara nyingi swali hunifikia arubuni imeshalipwa. Wanaoniuliza si wajinga. Yupo mwalimu aliyezaa watoto watatu na misuli ya tumbo lake ikaachana isirudi tena. Yupo mama anayeuza nguo Kongowea, ambaye uzito wa matiti umemchimba mabega kwa kamba za sidiria na kumwachia maumivu ya mgongo kila jioni. Yupo msichana mwenye kovu la maji ya moto tangu utotoni. Na wapo wanaotaka tu kiuno chembamba na makalio yaliyojaa. Hao nao wana haki ya kutoka mezani wakiwa hai, na sitaki mtu anibishie katika hilo.

Aliyenifanya niketi kuandika ni binti wa khalati yangu, dada wa mama. Alikuwa ametafuta mpasuaji kwa muda mrefu na kwa bidii, kuliko wengi wanavyotafuta hata shule ya mtoto. Alinionyesha daftari lake. Alikuwa amechora jedwali kwa rula: jina la kliniki, bei ya kunyonya mafuta tumboni, bei ya tumbo na kiuno pamoja, idadi ya wafuasi, nyota walizopewa na wateja, kama wanakubali kulipwa kidogo kidogo. Kurasa tatu zimejaa mwandiko wake. Safu ya jina la daktari haikuwepo, kwa sababu katika kurasa zote alizozipitia hakuna hata mmoja uliomtaja daktari kwa jina kamili.

Nikamwomba nisome mazungumzo yake ya WhatsApp na kliniki aliyoipenda zaidi. Sitaitaja. Mhudumu alimkaribisha vizuri, akamwomba picha ya tumbo, moja ya mbele na moja ya ubavuni. Baada ya dakika chache ikaja bei, na pamoja nayo taarifa kwamba ofa inaisha Ijumaa. Hakuna aliyemuuliza ana presha au hana, anatumia dawa gani, amewahi kuganda damu miguuni, ameacha kunyonyesha lini. Yeye ndiye aliyeuliza: "Daktari atakayenipasua ni nani?" Akajibiwa kwamba wana timu ya madaktari bingwa wenye uzoefu wa kimataifa. Akauliza tena. Akapewa jina moja, lile ambalo daktari huyo analitumia kwenye TikTok. Akauliza nani atamlaza usingizi. Kwa hilo hakupata jibu lolote, ila nambari ya kulipia.

Nililichukua jina lile tukaingia naye kwenye sajili yenu ya mtandaoni. Jina moja la kwanza, katika nchi yenye maelfu ya madaktari, ni sawa na kutokuwa na jina. Tulikaa na simu mbili hadi chai ikapoa, tukijaribu kulioanisha jina hilo na majina kamili tuliyoyapata, na hatukuweza kusema kwa uhakika kwamba huyu ndiye. Dada huyu alifanya kila mnachomwambia mwananchi afanye. Alichunguza, akauliza, akauliza tena, akaenda kwenye sajili. Akabaki palepale alipoanzia, isipokuwa sasa ameshalipa arubuni.

Tafadhali fikirini kidogo jinsi watu wetu wanavyochagua mtu wa kuwafanyia jambo zito. Mkunga, wakili, hata fundi wa kushona nguo ya harusi, tunamuuliza jirani. Tunamuuliza aliyewahi kwenda kwake. Upasuaji wa urembo hauna jirani wa kuulizwa, kwa kuwa karibu kila aliyeufanya anauficha. Anamficha mume, anawaficha wakwe, kazini anasema alikwenda kumuuguza shangazi Malindi. Akiharibikiwa huficha zaidi, maana aibu ni mbili. Kwa hiyo ule ulinzi wa kawaida wa mtaa, wa watu kupashana habari kwamba kwa fulani msiende, haufanyi kazi hapa. Kinachobaki ni simu. Na kwenye simu anayezungumza ni muuzaji peke yake.

Naomba niwaeleze muuzaji huyo anaonyesha nini, kwa sababu sina hakika kama maafisa wenu hukaa kuzitazama kurasa hizi kama dada zetu wanavyozitazama saa tano za usiku.

Anaonyesha picha za kabla na baada. Picha ya kabla imepigwa chini ya taa kali ya juu, mtu amesimama wima, amelegeza tumbo, uso umekunjamana. Ya baada imepigwa kwa mwanga wa pembeni, nyonga imegeuzwa, ngozi imepakwa mafuta. Zipo mbaya zaidi, zile zinazopigwa mtu angali mezani amelala. Mimi nimesimama kando ya meza hizo, najua tunachokiona pale. Mwili wakati huo umejaa maji yaliyodungwa kabla ya kunyonya mafuta, na umevimba. Aliyepandikizwa mafuta makalioni anaonekana amejaa kuliko atakavyokuwa baada ya miezi sita, kwa sababu sehemu ya mafuta hayo hufyonzwa na mwili katika miezi ya mwanzo. Matokeo halisi ya upasuaji huu hujulikana baada ya miezi mingi, pengine mwaka. Picha isiyo na tarehe ya upasuaji na tarehe ya kupigwa haimwambii mgonjwa kitu, na karibu zote hazina tarehe. Nyingine si za daktari huyo kabisa. Zimechukuliwa kutoka kurasa za Colombia au Uturuki, zikakatwa pale penye nembo ya mwenyewe.

Anaonyesha maoni ya wateja. Yaliyoandikwa siku ya tatu, mtu akiwa bado amevaa vazi la kubana na amekunywa dawa za maumivu, hayo yanabaki. Yanayouliza kwa nini kidonda hakifungi yanafutwa na mwandishi anazuiwa. Na wateja wengine wamepewa punguzo la bei ili warekodiwe. Mwanamke anayejibana kupata pesa anaambiwa atapunguziwa akikubali mwili wake uonyeshwe, na anakubali. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayotaka ridhaa itolewe kwa hiari. Ridhaa iliyonunuliwa kwa punguzo la kunyonya mafuta mimi siihesabu kuwa hiari.

Yale yanayoamua kama mtu atapona hayamo kwenye ukurasa hata mmoja. Nani anayelaza mgonjwa usingizi, na je, anabaki kichwani pake hadi aamke au anaondoka kwenda chumba cha pili? Mashine ya oksijeni ipo? Damu ya kuongezewa inapatikana wapi? Ikitokea mapafu yameshindwa, chumba cha wagonjwa mahututi kilicho karibu kiko umbali gani, na kuna makubaliano ya kumpokea au atazungushwa na gari la wagonjwa mjini? Wanapanga kutoa lita ngapi za mafuta? Wataalamu huchukulia zaidi ya lita 5 kuwa kiwango kikubwa kinachohitaji hospitali au kituo kilichoidhinishwa na mgonjwa kulala chini ya uangalizi, kwa sababu maji ya mwili huyumba na moyo unaweza kuyumba nayo. Sijawahi kuona tangazo linalotaja lita. Yanataja saizi ya nguo.

Na kuna upasuaji mmoja ambao kwangu unatosha kuonyesha kwamba utafiti wa mteja hauwezi kuchukua nafasi ya mamlaka. Ni huu wa kupandikiza mafuta makalioni, ambao kila mtu anauita BBL. Chini ya msuli wa makalio hupita vena kubwa, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni. Mrija wa kupandikizia ukizama ndani ya msuli ukaichana vena, mafuta huingia kwenye damu, yakapanda hadi moyoni na kuziba mapafu. Mtu anaweza kufa palepale mezani, na timu nzima ikiwa imesimama pembeni yake. Mwaka 2017 kikosi cha wapasuaji kilichoufanyia kazi suala hili Marekani kilikadiria kwamba takriban mtu 1 kati ya 3,000 alikuwa akifa, kiwango kisichokubalika katika upasuaji ambao hakuna ugonjwa unaoulazimisha. Mwaka 2018 chama cha wapasuaji wa urembo Uingereza kikawashauri wanachama wake wauache. Mwaka 2022 bodi ya madaktari ya jimbo la Florida, ambako vifo vilikuwa vimezidi, ikaweka amri: mpasuaji asifanye zaidi ya watatu kwa siku, na atumie altrasaundi kuona ncha ya mrija iko juu ya msuli na si ndani yake.

Hebu nielezeni, ni mteja gani wa Nakuru au Likoni angeweza kuyapata hayo kwa kutafuta "BBL bei nafuu" kwenye simu? Ni mteja gani angejua kumuuliza daktari, tena kwenye WhatsApp, leo utakuwa umefanya wangapi kabla yangu, na mrija wako utauona kwa kutumia nini? Kule Florida mgonjwa hakuambiwa achunguze. Aliyebanwa ni mpasuaji, na aliyembana ni mwenye leseni yake mkononi.

Nakuja kwenye suala la nani anastahili kuitwa mpasuaji wa urembo. Daktari anayetaka ubingwa wa upasuaji rekebishi (plastic surgery) anamaliza shahada ya udaktari, anafanya mwaka wa mafunzo kazini, anahudumu, kisha anarudi kusoma miaka mingine. Anaweza kupitia Chuo Kikuu cha Nairobi, au Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambacho makao yake yako Arusha. Hao ndio wanaoshona midomo iliyopasuka ya watoto wachanga na kutibu waliounguzwa na stovu za mafuta ya taa. Ni wachache, na wengi wako Nairobi. Nimefanya kazi na baadhi yao na nawaheshimu mno. Kurasa zao, wakiwa nazo, zimepoa. Hawachezi dansi mbele ya kamera, hawatoi ofa ya Valentine. Mtandao unamzika mtu kama huyo ukurasa wa kumi na kumpandisha juu mwenye pesa ya matangazo. Yaani kadiri mtu wetu anavyochunguza kwa njia aliyo nayo ndivyo anavyosogezwa mbali na aliyefunzwa.

Leseni ya udaktari wa jumla inathibitisha kwamba mtu ni daktari. Haithibitishi kwamba amefunzwa kukaza tumbo. Mwananchi haioni tofauti hiyo, na kurasa hizi zinaishi ndani ya kutoiona kwake. Australia waliliona tatizo hili baada ya wanawake wengi kuumizwa na madaktari wa jumla waliojiita wapasuaji wa urembo. Mwaka 2023 wakabadilisha sheria, na sasa kati ya madaktari jina la mpasuaji linatumiwa na aliyesajiliwa katika ubingwa wa upasuaji, wa uzazi na magonjwa ya wanawake, au wa macho pekee. Katika mwaka huohuo, kuanzia tarehe 1 Julai, wakaweka masharti mengine: mgonjwa aje na barua kutoka kwa daktari wake wa kawaida, afanyiwe mashauriano angalau mara mbili kabla ya upasuaji, na baada ya kutoa ridhaa zipite siku zisizopungua 7 kabla ya kupangiwa tarehe au kulipa arubuni. Siku hizo 7 zingemwokolea mwana wa khalati yangu pesa zake. Ofa inayoisha Ijumaa haiwezi kuishi chini ya sharti kama hilo.

Ninachowaomba ni hiki, na nimejitahidi kisiwe kikubwa kuliko uwezo wenu.

Kwanza na zaidi ya yote: kila tangazo la upasuaji au sindano za urembo, liwe la video, la picha au la bango barabarani, libebe jina kamili la daktari kama lilivyo katika sajili yenu, nambari yake ya usajili, na nambari ya leseni ya kituo pamoja na mtaa kilipo. Nambari hizo zionekane tangazo likiendelea, zisifichwe kwenye kiungo cha chini. Hili likifanyika, utafiti mnaotuambia tuufanye utawezekana. Mtu atanakili nambari, ataiweka kwenye sajili, na atajua. Na ukurasa usio na nambari utajulikana kwa kukosa nambari, hata kwa mama asiyejua lolote kuhusu udaktari.

Mtaniambia hamwezi kuipiga doria TikTok. Siwaombi muipige. Leseni ya daktari ni yenu na leseni ya kituo ni yenu, na zote hulipiwa upya kila mwaka. Liwekeni sharti hili ndani ya leseni. Anayetangaza bila nambari, leseni yake isihuishwe. Wananchi wenyewe watawaletea picha za skrini. Mimi ninazo nyingi kwenye simu yangu tayari.

Halafu sajili yenyewe. Ipo, na naishukuru, kwani kuna nchi jirani ambako wananchi wangefurahi kuwa nayo. Lakini iandikwe kwa Kiswahili pia. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe mambo katika lugha anayoielewa. Mbele ya kila jina paandikwe kwa maneno mepesi: huyu ni daktari wa jumla, huyu ni bingwa wa upasuaji rekebishi, huyu ni bingwa wa ngozi, si mpasuaji. Kwa upande wa vituo, ngazi ya 2 au ya 4 ni lugha yenu ya ofisini. Andikeni kile kinachoruhusiwa: hapa panaruhusiwa kulaza mgonjwa usingizi kamili, au hapa haparuhusiwi. Na pale ambapo Baraza limempata daktari na kosa baada ya kumsikiliza, uamuzi huo uambatane na jina lake katika ukurasa uleule. Isiwe mtu anayetafuta daktari akute leseni safi, halafu habari ya mgonjwa aliyekufa iwe kwenye gazeti la miaka miwili iliyopita.

Kuhusu watu mashuhuri wa mitandaoni wanaolipwa, au kupasuliwa bure, ili wasifie kliniki: Ufaransa ilipitisha sheria mwezi Juni 2023 inayowakataza watu hao kutangaza upasuaji wa urembo. Uingereza tangu Mei 2022 matangazo haya hayaruhusiwi kuelekezwa kwa walio chini ya miaka 18. Sisi binti wa kidato cha pili anayatazama kila siku akirudi shule. Ibara ya 46 ya Katiba yetu inampa mlaji haki ya kupata habari anazozihitaji na kulindwa afya yake, na inalitaka Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya heshima. Waheshimiwa wa Kamati za Afya, hapo ni kwenu.

Neno fupi kuhusu vipandikizi vya matiti. Mwaka 2010 Ufaransa iligundua kwamba kiwanda cha PIP kilikuwa kikijaza vipandikizi silikoni ya viwandani isiyoidhinishwa kuwekwa mwilini, na mamia ya maelfu ya wanawake duniani walikuwa navyo tayari. Kazi ngumu ikawa kuwapata, kwani wengi hawakujua wamewekewa cha nani. Kila mwanamke anayewekewa kipandikizi Kenya atoke na kadi yenye jina la kiwanda na nambari ya toleo. Ni karatasi ndogo tu.

Na wapo wanaosafiri. Istanbul, Dubai, miji ya India. Tiketi, hoteli na upasuaji katika bei moja, yote yakipangwa na dalali aliyeko hapa nchini ambaye naye ni ukurasa na nambari ya simu. Serikali ya Uingereza, katika ushauri wake kwa wasafiri, imewaonya raia wake waziwazi kuhusu vifo vya Waingereza waliokwenda Uturuki kwa matibabu tangu mwaka 2019. Wetu wakirudi na mishono iliyooza hupokelewa na hospitali za umma, na daktari wa zamu hana hata karatasi ya kumwambia walifanywa nini. Dalali hana leseni ya udaktari mnayoweza kumnyang'anya, nalijua hilo. Lakini Wizara inaweza kumtaka asajiliwe, na amkabidhi mteja, kabla hajapanda ndege, jina la daktari, jina la hospitali na mpango wa matibabu akirudi.

Kuna jambo jingine ambalo limenikaa kooni tangu ule msiba wa 2024. Nilisoma yaliyoandikwa na watu chini ya habari za kifo kile. "Aliyataka mwenyewe." "Angeridhika na alivyoumbwa." Mwanamke amelala chumba cha maiti, jamaa zake wanayasoma hayo. Naomba Baraza, kila linapotoa taarifa baada ya kifo, lianze na kituo na daktari: kilikuwa na leseni ya nini, nani alikagua na lini. Taarifa inayoanza kwa kuwaonya wananchi wachunguze inawapa watu wale nguvu, kwa sababu inasikika kama marehemu ndiye aliyeshindwa kazi.

Mwisho, naomba habari. Chini ya Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, naomba Baraza linijibu kwa maandishi: ni vituo vingapi kwa kila kaunti vilivyoidhinishwa kufanya upasuaji wa urembo, na majina yake; ni mabingwa wangapi wa upasuaji rekebishi walio na leseni hai mwaka huu; ni malalamiko mangapi ya upasuaji wa urembo yamepokelewa tangu Januari 2020, na mangapi yameamuliwa; na ni hatua gani zimechukuliwa dhidi ya daktari au kituo chochote kwa sababu ya tangazo. Sheria inawapa siku 21. Nitakayopata nitayabandika kwenye ubao wa matangazo wa kliniki ya akina mama ninakotoka, na nitawatumia wote walioniletea simu zao.

Nakala yenye saini, jina langu kamili na nambari yangu ya usajili wa uuguzi nimeituma ofisini kwenu kwa posta.

Wenu katika kazi,
Muuguzi wa chumba cha upasuaji,
Mombasa